Maswali na Majibu: Fedha za Uviko, Madarasa Mapya na Masomo Yaliyopotea

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu jambo moja: fedha ambazo Serikali ya Tanzania ilizipeleka shuleni baada ya janga la Uviko-19, na kile ambacho fedha hizo hazikukigusa. Tumechagua maswali saba. Baadhi tumeyajibu kwa urefu kwa sababu yanahitaji vipimo na hesabu, na mengine kwa mistari michache.

Swali: Kwenye mkutano wa kijiji kulizuka ubishi. Wapo wanaosema madarasa ya Uviko yalijengwa kwa msaada, wengine wanasema ni mkopo na sisi wazazi ndio tutakaoulipa. Ukweli ni upi, na darasa moja lilitengewa kiasi gani? (Mjumbe wa serikali ya kijiji)

Ni mkopo. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinishia Tanzania dola za Marekani milioni 567.25, sawa na takriban shilingi trilioni 1.3. Theluthi moja ilitoka kwenye dirisha la mkopo lisilo na riba, ambalo marejesho yake huanza baada ya miaka mitano na nusu na kumalizika ndani ya miaka kumi. Theluthi mbili zilitoka kwenye dirisha lenye muda mfupi zaidi, ambalo hulipwa kati ya mwaka wa nne na wa tano. Deni linalipwa na Hazina. Shule haidaiwi chochote, na mwalimu au kiongozi yeyote anayemwambia mzazi atoe mchango "wa kurejesha mkopo wa Uviko" anamdanganya.

Mpango wa matumizi ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Dodoma tarehe 10 Oktoba 2021. Fedha ziligawanywa kwa afya, maji, elimu, utalii na sekta nyingine, na sehemu ikaenda Zanzibar. Kwa shule zilizo chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, hesabu ilikuwa hivi: vyumba 12,000 vya sekondari kwa shilingi milioni 20 kila kimoja ni bilioni 240; vyumba 3,000 kwenye shule shikizi, yaani shule ndogo zilizo chini ya shule mama, kwa kiwango hichohicho ni bilioni 60; mabweni 50 ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu kwa milioni 80 kila moja ni bilioni 4. Jumla ni bilioni 304, chini kidogo ya robo ya mkopo wote.

Ile milioni 20 ilikuwa ya chumba kilichokamilika pamoja na samani zake. Hapo ndipo ubishi mwingi unapozaliwa. Kama kijijini kwenu vilijengwa vyumba vinne, akaunti ya shule ilipaswa kupokea milioni 80, na mwisho wa kazi vyumba vinne viwe na viti na meza ndani. Chumba kilichokabidhiwa kitupu, kisha wazazi wakaambiwa wachangie madawati, kinahitaji maelezo ya maandishi.

Swali: Darasa letu lilijengwa kwa haraka mwisho wa 2021. Sasa ukuta una nyufa kwenye kona za madirisha na sakafu inatoka vumbi, watoto wanafuta madaftari kila dakika. Tatizo ni nini, na nani wa kurekebisha? (Mwenyekiti wa kamati ya shule)

Tuanze na sababu ya haraka. Waliofaulu mtihani wa darasa la saba mwaka 2021 walikuwa 907,802, na Serikali iliamua waingie kidato cha kwanza wote kwa mkupuo mmoja, bila chaguo la pili. Shule zilifunguliwa tarehe 17 Januari 2022. Kati ya uzinduzi wa mpango na siku hiyo kulikuwa na wiki 14, na humo ndani fedha zilitakiwa zishuke, kamati ziundwe, vifaa vinunuliwe na jengo lisimame. Saruji haijui tarehe ya kufungua shule. Zege na plasta vinahitaji maji kila siku kwa siku 7 kwa uchache, na 14 ni bora zaidi. Fundi anayekimbizwa huacha kumwagilia kwanza, kwa kuwa jengo lisilomwagiliwa halionyeshi kasoro siku ya makabidhiano.

Sakafu inayotoka vumbi kwa kawaida ina moja ya kasoro tatu. Ya kwanza ni maji mengi kwenye mchanganyiko, ambayo humrahisishia fundi kusawazisha lakini huacha tabaka dhaifu juu. Ya pili ni mchanga wenye udongo. Ya tatu ni kukosa kumwagiliwa. Gonga sakafu kwa fimbo ngumu, hatua kwa hatua. Pakilia wazi kama debe tupu, tabaka la juu limeachana na zege la chini. Hapo kupaka saruji ya maji juu yake ni kupoteza mfuko, kwani itabanduka ndani ya muhula mmoja. Chonga sehemu hiyo mpaka kwenye zege, fagia vumbi lote, lowesha, paka uji wa saruji, kisha weka tabaka jipya la sentimita 3 hadi 4 la saruji kwa mchanga 1:3. Funika kwa magunia mabichi kwa wiki nzima, na watoto wasilikanyage.

Nyufa zina lugha yake. Ufa unaoanzia kona ya dirisha na kupanda kwa mshazari mara nyingi unatokana na lenta, yaani boriti ya zege juu ya dirisha, iliyoishia karibu mno na tundu la dirisha, au msingi unaotitia upande mmoja. Ufa wa mlalo chini ya bati unaashiria kwamba ukuta hauna mkanda wa juu au paa halikufungwa vizuri. Nyufa nyembamba za plasta zinazosambaa kama utando wa buibui ni za kukauka upesi, hazina hatari.

Kabla ya kuita fundi, chukua penseli. Chora kijistari pale ufa unapoishia kila upande na uandike tarehe ukutani. Rudi baada ya mwezi, na tena baada ya mvua. Ufa ukibaki kwenye alama, jengo limetulia: uchimbwe kidogo, ujazwe na upakwe. Ukivuka alama, au ukiwa mpana kiasi cha kuingiza sarafu, msiuzibe. Watoeni wanafunzi humo na mwandikieni mkurugenzi wa halmashauri ili mhandisi aje. Kuziba ufa unaotembea ni kuificha hatari machoni pa mhandisi na kuwaachia watoto.

Nani alipe? Tafuteni mkataba wa fundi kwenye faili la mradi. Kama ulikuwa na muda wa uangalizi ambao haujapita, fundi anarudi kwa gharama yake. Kama umepita, matengenezo madogo hulipwa kutoka ruzuku ya uendeshaji, na makubwa huombwa halmashauri kwa barua yenye picha na tarehe zile za penseli.

Swali: Tumeambiwa shule yetu italetewa fedha za vyumba viwili vingine. Hatutaki kurudia makosa ya mara ya kwanza. Tuanzie wapi? (Mwalimu mkuu)

Anzeni na karatasi kabla ya kokoto. Fedha zikishaingia kwenye akaunti ya shule, iombeni halmashauri barua inayotaja kiasi na kazi iliyokusudiwa, pamoja na ramani na BOQ, yaani orodha ya vifaa na kazi kwa idadi na bei. Pasipo BOQ hakuna anayeweza kujua kama mifuko 100 ya saruji ni mingi au michache.

Kazi hizi hufanywa kwa utaratibu wa fosi akaunti: shule inanunua vifaa yenyewe, na fundi wa mtaani analipwa ufundi tu. Nafuu yake ni kubwa, ndiyo maana milioni 20 ziliweza kutosha. Udhaifu wake ni kwamba hakuna mkandarasi wa kubeba lawama, hivyo ulinzi wote umo kwenye kamati. Kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi na ukaguzi wa vifaa, na kamati ya ujenzi ziwe na watu tofauti. Aliyechagua muuzaji asiwe ndiye anayehesabu mifuko ikishuka. Shule nyingi ndogo huweka watu walewale watatu kwenye kila kamati kwa sababu ndio "wanaopatikana". Hapo kamati zimebaki jina tu.

Pateni nukuu za bei tatu kabla ya kununua, na kila malipo yawe na risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi. Nunueni saruji kwa awamu. Mfuko uliokaa stoo zaidi ya miezi mitatu huanza kushika mabonge, na ukilishika bonge likakataa kuvunjika kwa vidole, mfuko huo haufai kwa zege. Mabati, nondo na mbao havina shida hiyo. Agizeni mapema, maana mwaka 2021 shule zilielekea dukani mwezi mmoja na bei ikapanda mikononi mwao, na makadirio ya Oktoba yakashindwa kununua vifaa vya Desemba.

Siku ya kupokea vifaa, kamati ya mapokezi iwe na vitu vitatu: mizani, futi kamba na leja. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa takriban kilo 10.6. Ikipimwa ikawa kilo 8, hiyo si milimita 12 hata kama imeandikwa hivyo, na lenta yenu itakuwa na chuma pungufu ambacho hakuna atakayekiona tena. Kwa mabati, kumbukeni namba inakwenda kinyume: geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Kama BOQ inasema 28, someni chapa kwenye bati lenyewe, si kwenye risiti. Saruji ihesabiwe mfuko mmoja mmoja inaposhuka kwenye gari. Hati ya muuzaji ikisema 100 na mkapokea 92, andikeni 92 kwenye leja na kwenye hati hiyohiyo mbele ya dereva, naye atie sahihi. Ukisema "nane zitakuja kesho" umeshasaini kwamba zimefika.

Mchanga mnaweza kuupima kwa chupa ya maji iliyo wazi. Jaza mchanga nusu, ongeza maji mpaka karibu na shingo, tikisa kwa nguvu, kisha iache chupa mahali tulivu mpaka kesho yake. Mchanga utakaa chini na udongo juu yake kama tabaka la rangi tofauti. Tabaka hilo likiwa nene kuliko sehemu moja ya kumi na mbili ya mchanga, rudisheni lori.

Kwa tofali za saruji za inchi 6, mfuko wa kilo 50 utoe tofali 25 hadi 30. Fundi anayejisifu kwamba anatoa 45 kwa mfuko amewauzia mchanga uliopangwa. Ukuta hula tofali kama 10 kwa mita moja ya mraba. Chumba cha mita 9 kwa 7 chenye kuta za mita 3 kina mita 96 za mraba. Ukitoa kama 20 za milango na madirisha, unabaki na tofali 760 hivi, na ukiongeza za kuvunjika unafika 820. Hesabu hiyo ni ya juu ya msingi tu. Mtu akileta madai ya tofali 1,500 za kuta za chumba kimoja, mna namba ya kumuulizia.

Kifusi cha ndani ya msingi kishindiliwe kwa tabaka za sentimita 15 zilizoloweshwa. Wengi hujaza chote mara moja na kushindilia juu. Sakafu inapasuka mwaka wa pili, kila mtu analaumu saruji.

Fundi alipwe kwa hatua, na kila hatua baada ya mhandisi wa halmashauri kukagua na kuandika. Tunashauri mkataba uzuie asilimia 5 hadi 10 ya ufundi kwa miezi sita. Pasipo zuio hilo, simu ya fundi huacha kupatikana wiki ya malipo ya mwisho. Hatua moja msikubali ipite bila mhandisi hata siku zikiwa finyu: nondo za lenta kabla ya zege kumwagwa. Kila kitu kingine kinaweza kuonekana baadaye, hicho hapana.

Bakaa ikibaki, isihamishiwe kwenye choo au uzio kwa maamuzi ya mwalimu mkuu pekee, hata kama choo kinahitajika kweli. Iombewe kibali kwa maandishi. Nia njema bila kibali imewaletea walimu wakuu hoja za ukaguzi ambazo zingeepukika kwa barua ya ukurasa mmoja.

Swali: Mimi ni mzazi wa kawaida, si mjumbe wa kamati yoyote. Nina haki ya kuona shule ilipokea kiasi gani?

Unayo, dada. Njia ya kwanza ni ubao wa matangazo wa shule na wa kijiji, ambako mapato na matumizi yanapaswa kubandikwa. Ya pili ni mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kufanyika walau kila miezi mitatu. Uliza ukiwa umesimama, na omba swali lako liandikwe kwenye muhtasari. Ya tatu ni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016: andika barua fupi kwa mkuu wa shule au mkurugenzi, taja taarifa unayoitaka, nawe utapaswa kujibiwa ndani ya siku 30. Usiandike "naomba taarifa za fedha za shule". Andika "naomba nakala ya taarifa ya mapokezi na matumizi ya fedha za vyumba vinne vya madarasa, mwaka wa fedha 2021/22". Swali pana hupata jibu la kukuzungusha. Shule huingiza mapato na matumizi yake kwenye mfumo wa fedha wa kompyuta, kwa hiyo taarifa ya namna hiyo huchapishwa kwa dakika chache. Ukiwa na sababu ya kuamini fedha zimeliwa, TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, wanapokea simu bila malipo kupitia 113.

Swali: Watoto walioanza darasa la kwanza Januari 2020 wamefika madarasa ya juu na bado wapo wasiosoma sentensi. Darasa jipya tunalo, lakini shida hii haijaondoka. Tufanye nini shuleni kwetu bila kusubiri mradi? (Mwalimu wa Kiswahili, shule ya msingi)

Mwalimu, umegusa penye kidonda. Shule zilifungwa Machi 17, 2020 na kufunguliwa Juni 29, karibu wiki 15. Kwa mtoto wa darasa la kwanza hizo ndizo wiki za kuunganisha silabi. Aliporudi, muhtasari ulikuwa umesonga mbele na yeye akaburuzwa nao. Madarasa yalihitajika, hilo hatulibishi, lakini fedha za saruji haziwezi kumrudishia mtoto silabi. Kazi hiyo ni ya mwalimu na muda, na inawezekana kwa vitu vichache sana.

Hatua ya kwanza ni kumpima kila mtoto peke yake. Andaa karatasi moja yenye sehemu nne: herufi na silabi kumi, maneno kumi ya kawaida, aya ya sentensi nne fupi, na hadithi ya sentensi kama kumi na maswali mawili. Mtoto anaanza na aya. Akiisoma vizuri, mpe hadithi. Akikwama, rudi kwenye maneno, kisha silabi. Unarekodi kiwango cha juu alichokiweza, basi. Kwa dakika tatu kila mmoja, wanafunzi 60 wanahitaji saa tatu, na mkiwa walimu wawili mtamaliza asubuhi moja. Usipime darasa zima kwa imla. Mtoto asiyesoma ameshajifunza kunakili kwa jirani na daftari lake litaonekana safi.

Mpime mbali na wenzake. Mtoto wa miaka 12 akikosea "ba" mbele ya darasa hatafungua mdomo tena muhula huo.

Hatua ya pili ndiyo ngumu kwa wakuu wa shule: panga makundi kwa kiwango, si kwa darasa. Wa darasa la nne, la tano na la sita walio kwenye silabi wakae pamoja kwa saa moja kila siku, walio kwenye maneno pamoja, walio kwenye aya pamoja. Saa hiyo iwe ileile kwa shule nzima, la sivyo ratiba inavunjika siku ya tatu. Saa moja kwa siku tano kwa wiki nane ni saa 40, na kwa mtoto aliyepuuzwa miaka kadhaa hizo ni nyingi.

Kundi la chini lipewe mwalimu bora zaidi. Mazoea ni kinyume: mwalimu hodari hupewa wa darasa la saba kwa ajili ya mtihani, na kundi la silabi hupewa yeyote aliye huru. Makundi ya namna hiyo hufa kabla ya mwezi kuisha.

Kuhusu vifaa, manila 20, kalamu za wino mzito sita, mkasi na rimu mbili za karatasi vinatosha kwa wanafunzi 80. Kata kadi za silabi na uwaache watoto wazipange wenyewe mezani: ka, la, ma, kisha kalama, makala, lakama, na waseme lipi ni neno na lipi si neno. Kwa wakubwa usitumie vitabu vya darasa la kwanza vyenye picha za vifaranga. Wanajua kwamba ni vya wadogo zao. Waandikie sentensi za mambo yao wenyewe: mpira, mnada, pikipiki, mvua iliyochelewa. Silabi ni zilezile, heshima ni tofauti.

Pima tena kila baada ya wiki mbili kwa karatasi mpya na uhamishe waliopanda. Mtoto anayebaki kwenye silabi baada ya vipimo vitatu achunguzwe macho na masikio kabla hajaitwa mzito. Mkalishe nyuma umwonyeshe ubao, kisha umnong'oneze jina lake akiwa amekupa mgongo. Hiyo haichukui nafasi ya daktari, lakini itakuonyesha nani wa kumpeleka.

Kwa hesabu, tumia utaratibu huohuo: kutambua namba hadi 99, kujumlisha kwa kubeba, kutoa kwa kukopa, kuzidisha. Wengi utawakuta wamekwama kwenye kukopa.

Swali: Ruzuku ya uendeshaji inaweza kugharimia masomo hayo ya kufidia? Na tukiishiwa, tunaruhusiwa kuchangisha wazazi? (Mwalimu mkuu msaidizi)

Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, kiwango cha shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: 6,000 huingia akaunti ya shule na 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu. Kwa sekondari ni 25,000, nusu shuleni na nusu vitabu. Shule ya msingi yenye wanafunzi 640 inapata basi 3,840,000 kwa mwaka, sawa na 320,000 kwa mwezi. Manila, karatasi na kalamu vinaingia kwenye fungu la vifaa vya kufundishia bila tatizo. Posho ya mwalimu kwa saa za ziada haimo, msiilazimishe kwa kuiandika "ukarabati". Ndiyo sababu tunasisitiza saa hiyo iwe ndani ya ratiba ya kawaida ya siku.

Kosa la kawaida ni idadi. Ruzuku hufuata wanafunzi waliomo kwenye takwimu za shule. Watoto 40 waliohamia bila kuingizwa ni shilingi 240,000 kwa mwaka ambazo hamtazipata.

Michango ya hiari inaruhusiwa wazazi wakikubaliana kikaoni na kibali kikapatikana, lakini mwalimu asishike fedha, na mtoto ambaye mzazi wake hakutoa asirudishwe nyumbani wala asitolewe kwenye kundi. Ukimtoa huyo umemtoa ambaye kundi liliundwa kwa ajili yake.

Swali: Binti yangu alipata ujauzito akiwa kidato cha pili, akaacha. Mtoto ameshaachishwa ziwa, na mama mdogo wa binti yuko tayari kumlea. Mlango upo, au nimechelewa? (Mama)

Mlango upo, mama. Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu yoyote, ujauzito ukiwemo, wanaweza kurudi kwenye mfumo rasmi, na Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021 ukaweka muda wa miaka miwili tangu alipoacha. Kwa hiyo hesabu tarehe kwanza. Kama miaka miwili haijapita, nenda na barua ya maombi na ripoti yake ya mwisho kwa mkuu wa shule aliyosoma. Kama anaona aibu kurudi palepale, ombeni uhamisho kwenda shule nyingine, ni jambo la kawaida. Mkuu wa shule akikataa kwa mdomo, mwombe aandike, kisha ipeleke barua hiyo kwa afisa elimu sekondari wa halmashauri. Mara nyingi kukataa huishia hapo, kwa kuwa hakuna anayetaka kusaini kinyume cha waraka.

Kama miaka miwili imepita, msikate tamaa. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina vituo vya sekondari kwa njia mbadala vilivyolenga mabinti waliokatiza masomo, ambako kidato cha kwanza na cha pili husomwa kwa mwaka mmoja, cha tatu na cha nne kwa mwaka unaofuata. Ulizia kituo cha karibu kwa afisa elimu ya watu wazima wa wilaya yenu, na uende mwishoni mwa mwaka kabla mafunzo ya Januari hayajaanza. Ukienda Machi utaambiwa usubiri mwaka mzima, na kwa binti mwenye mtoto mdogo mwaka mzima ni mrefu sana. Mama yake mdogo aje naye siku ya kujiandikisha, ili walimu wamjue mtu wa kupigia simu mtoto akiugua.